Kulala Gisenyi, kufanya kazi Goma: historia ya mpaka unaovukwa kwa miguu



Ndugu wasomaji, kila Ramadhani inapokaribia huja swali lile lile kutoka kwa ndugu zetu wa kando ya Ziwa Kivu. Mtu analala Gisenyi, nchini Rwanda, na kazi yake iko Goma, Kongo. Asubuhi anavuka mpaka, anaonyesha karatasi kwa maafisa wa nchi mbili, anafanya kazi yake, jioni anarudi kwa watoto. Je, huyu ni msafiri? Anaweza kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyingine? Akiwa kazini asali adhuhuri rakaa mbili?

Jibu la mashekhe wetu ni fupi. Safari ya kupunguza sala na kufungua saumu ina masafa yake, na wanazuoni wengi huyakadiria kuwa kilomita themanini hivi, wengine wakizidisha au kupunguza kidogo. Kutoka katikati ya Gisenyi hadi katikati ya Goma ni mwendo wa miguu wa saa moja hivi, na kwenye mitaa ya mpakani nyumba za upande huu zinatazamana na za upande ule. Kwa hiyo anafunga kama watu wengine na anasali rakaa nne. Pasipoti haimfanyi mtu kuwa msafiri.

Mwanafunzi mmoja wa madrasa alilisikia jibu hilo akauliza: "Sasa kama si msafiri, mbona anapigiwa mhuri?"

Swali hilo halijibiwi na fiqhi. Linajibiwa na historia, na historia yenyewe ni ya kuwasimulia watoto, kwa sababu familia nyingi za Kiislamu za pande hizi zimeishi hivyo kwa miaka bila kujua huo mstari wanaouvuka ulitoka wapi.

Tuanze kabla ya mstari. Nchi ya kaskazini mwa Ziwa Kivu, chini ya volkano ya Nyiragongo, iliitwa Bugoyi, na watu wake walisifika kwa biashara. Walizunguka na vyakula, majembe, mifugo na bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea, zilizoitwa butega, ambazo zilikubalika kama malipo katika masoko ya kandokando ya ziwa. Wafalme wa Rwanda walikuwa wakipanua mamlaka yao kuelekea huko, hasa Kigeli wa Nne Rwabugiri katika nusu ya pili ya karne ya 19, lakini mamlaka ya mfalme hayakuwa na ukuta. Mtu wa Bugoyi aliyekwenda kuuza kitu alipokaa mji wa Goma wa leo alikuwa bado nyumbani.

Mwaka 1894 akapita Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen. Alitoka Pangani, pwani ya Tanganyika, mwishoni mwa mwaka 1893, akavuka Rwanda, akaonana na Rwabugiri, akafika Ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo, kisha akaendelea kupitia misitu ya Kongo hadi akatokea Bahari ya Atlantiki. Vitabu vya Wazungu vinamtaja yeye peke yake. Lakini msafara kutoka Pangani maana yake ni wapagazi na askari wa pwani, watu wa Kiswahili, na wengi wa watu wa namna hiyo siku zile walikuwa Waislamu. Kwa hiyo siku Mzungu wa kwanza alipoliona ziwa lile kutoka upande wa Rwanda, bila shaka kulikuwa na mtu kando yake aliyelitazama na kusema "Allahu akbar". Götzen huyo huyo baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, kuanzia 1901 hadi 1906, miaka ya Vita vya Majimaji.

Upande wa magharibi Kiswahili kilifika kwa njia nyingine. Misafara ya kina Hamed bin Muhammad, yule aliyeitwa Tippu Tip, ilikuwa imekwishaipeleka lugha hii Maniema, na pamoja nayo Uislamu, na pamoja nayo, tusifiche, biashara ya watumwa na pembe. Watoto wetu wasome yote mawili. Kiswahili cha Goma leo kina asili katika njia ile ya Maniema, na kile cha Gisenyi kilikuja zaidi na askari na wafanyabiashara wa wakati wa Wajerumani. Zilikuja barabara mbili zikakutana penye kizuizi.

Sasa mstari. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitangazia dunia mipaka ya "dola" yake ya Kongo, na upande huu mipaka hiyo ilichorwa juu ya ramani tupu, na watu ambao hawajawahi kuliona Ziwa Kivu. Wajerumani walipofika na kukuta hali halisi walikataa. Kukawa na mvutano wa miaka mingi, kila mmoja akiweka kituo chake cha askari mbele ya mwenzake. Wajerumani walikuwa Kissenji, kama walivyoliandika jina la Gisenyi. Wabelgiji walikuwa na kituo chao kikiwakabili, mahali palipokuja kuitwa Goma, jina ambalo husimuliwa kuwa latokana na neno ngoma. Ndivyo miji hii miwili ilivyozaliwa, ikiwa ni kambi mbili za walinzi wanaochunguzana.

Jambo likamalizwa Brussels mwaka 1910, katika mkutano wa Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza. Waligawana. Kisiwa cha Ijwi kikaenda kwa Wabelgiji, Bufumbira ikaenda kwa Waingereza na leo iko Uganda, na mpaka kati ya Goma na Gisenyi ukaanzia ufukweni mwa ziwa, ukapanda kuelekea mlima Karisimbi. Mfalme Yuhi wa Tano Musinga, ambaye nchi yake ndiyo iliyokuwa ikikatwa, hakuwa na kiti mezani. Wala wale wauza butega hawakuulizwa. Asubuhi moja walikuwa "Wajerumani" na shemeji zao "Wabelgiji".

Mpaka huo ulidumu miaka michache tu kabla ya kupigwa mizinga. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914, na pale ziwani askari Waafrika wa pande mbili, wengi wao wakielewana kwa Kiswahili, walipigana kwa ajili ya wafalme wa Ulaya. Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Rwanda na kuichukua, Gisenyi ikiwemo.

Hapa inakuja sehemu ambayo wengi hawaijui. Kwa zaidi ya miaka arobaini baada ya hapo, mpaka wa Goma na Gisenyi ulikuwa kama mpaka wa mikoa miwili. Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Ubelgiji kwa amana ya Shirika la Mataifa, na mwaka 1925 sheria ya Ubelgiji ikaziunganisha kiutawala na Kongo yake. Gavana mkuu alikuwa mmoja, aliyekaa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Faranga ilikuwa moja. Mtu aliyepata mshahara Goma aliutumia sokoni Gisenyi bila kubadilisha hata senti. Wazee waliosema kwamba "zamani hakukuwa na mpaka" hawakuwa wakiota. Walikuwa wakikumbuka miaka hiyo.

Lakini tusiisifu kupita kiasi. Wakati ule mstari uliombana mtu ulikuwa mwingine. Wabelgiji waliutilia shaka Uislamu, huku Kongo na kule Rwanda. Katika miji ya Rwanda Waislamu na watu walioitwa "Waswahili" walitengewa mitaa yao, na kutoka au kuhamia kulihitaji ruhusa. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliyetaka mtoto asome alijua gharama yake. Kwa hiyo Mwislamu wa miaka ya 1930 angeweza kwenda Goma kirahisi kuliko mjukuu wake, lakini akashindwa kuhama mtaa ndani ya mji wake mwenyewe.

Ni Wabelgiji hao hao, kuanzia 1937, waliohamisha maelfu ya familia za Kinyarwanda kutoka Rwanda iliyokuwa na njaa na watu wengi, wakawaweka Masisi, magharibi ya Goma, ambako mashamba ya walowezi yalihitaji wafanyakazi. Wakati huo hakuna aliyeona kuwa wamehamia nchi ya kigeni, kwa kuwa bwana alikuwa mmoja. Uraia wa wajukuu wa watu hao umekuwa mzozo mkubwa baadaye, na damu nyingi imemwagika kwa sababu yake. Hilo lahitaji makala yake, nasi tusilipitie juu juu.

Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Rwanda tarehe 1 Julai 1962. Bendera mbili, sarafu mbili, na kile kizuizi cha mikoa kikageuka kuwa mlango wa dola. Hapo ndipo anapozaliwa mtu wetu wa leo, anayelala nchi hii na kufanya kazi nchi ile. Hakuhama popote. Ilihama sheria.

Viongozi wenyewe waliona kuwa mpaka ule hauwezi kuwekwa kama ukuta. Tarehe 20 Septemba 1976, pale pale Gisenyi, marais Mobutu wa Zaire, Habyarimana wa Rwanda na Micombero wa Burundi walitia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ile inayojulikana kwa herufi CEPGL. Ofisi kuu ya jumuiya ikawekwa Gisenyi, na benki yake ya maendeleo ikawekwa Goma. Yaani hata jumuiya yenyewe ililala upande mmoja na pesa zake zikawa upande wa pili! Mambo mengi ya jumuiya hiyo yamelala usingizi kwa miaka, vita vikiwafanya wanachama wasitazamane usoni. Lakini wazo lake moja lilibaki mikononi mwa watu: kwamba mkaazi wa mpakani avuke kwa karatasi nyepesi, bila kuhitaji pasipoti na viza. Ndiyo asili ya vile vikaratasi vya siku moja ambavyo wavukaji huviita jeton.

Kisha ikaja mitihani ambayo haina mfano. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, watu wapatao milioni moja walimiminika kupitia Gisenyi kuingia Goma ndani ya siku chache, wasio na hatia wakiwa wamechanganyika na waliotenda mauaji. Kipindupindu kikazuka juu ya mawe yale ya volkano ambayo hata kaburi halichimbiki, na maelfu kwa maelfu wakafa. Kisha zikaja vita za 1996 na 1998, zilizoanzia upande huo huo wa mashariki ya Kongo.

Na tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikapasuka. Lava ikashuka, ikapita katikati ya Goma hadi ziwani, ikafunika maduka na nyumba. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila makazi, na mamia ya maelfu walikimbia, wengi kuelekea Gisenyi. Safari hii mkimbizi na mwenyeji walibadilishana nafasi. Walioogopa jirani waligundua kuwa mbele ya moto hakuna pa kukimbilia ila kwa jirani. Wengi walirudi baada ya siku chache, wakaanza kujenga juu ya lava iliyokuwa bado na joto. Lakini familia fulani zilijifunza kitu: kwamba mtu anaweza kuweka watoto upande mmoja na riziki upande mwingine.

Miaka iliyofuata mtindo huo ulikua. Goma ilikuwa na pesa: biashara, madini yanayopita, ofisi za mashirika ya misaada na za Umoja wa Mataifa, mishahara ya dola. Gisenyi ilikuwa na utulivu. Aliyepanga Gisenyi alipata umeme wa kutegemewa zaidi na maji ya bomba, wakati Goma, mji uliokaa juu ya ziwa kubwa, watu wake wengi hununua maji kwa bidoni. Na zaidi ya yote alilala bila kusikia risasi. Ndiyo maana Wakongo wengi wenye kazi Goma walihamishia familia Gisenyi.

Kutoka Rwanda kuingia Kongo walikwenda wengine: akina mama wenye nyanya, vitunguu, kabichi na maziwa, mafundi wa ujenzi, wasaidizi wa nyumbani, vinyozi, wanafunzi. Jioni wakarudi na vitenge, mafuta, sabuni, na faranga zao. Wengi wa wafanyabiashara hao wadogo ni wanawake, na mtaji wa mmoja wao huweza kuenea ndani ya beseni moja. Wapo pia walemavu wanaopitisha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, jambo ambalo mgeni hulishangaa na mwenyeji halitazami mara mbili. Kabla ya korona, idadi iliyokuwa ikitajwa kwenye Petite Barrière, kile kizuizi kidogo cha waenda kwa miguu kati ya mitaa ya Birere na Mbugangari, ilikuwa watu wapatao 50,000 kwa siku. Kizuizi kikubwa, Grande Barrière, kiko chini karibu na ziwa, na huko ndiko hupita magari na wageni wa pasipoti.

Tufikirie mwalimu mmoja wa mfano, anayelala Mbugangari na kufundisha Birere. Anasali alfajiri msikiti wa mtaani kwake. Kizuizi kinapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye foleni. Ana laini mbili za simu na pochi yenye sarafu tatu, maana nauli ya pikipiki hulipwa kwa faranga za Rwanda huku, faranga za Kongo kule, na kodi ya nyumba huenda inahesabiwa kwa dola. Ijumaa anasali Goma, kwa sababu huko ndiko adhana inakomkuta. Watoto wake wanasoma kwa Kiingereza, kwa kuwa Rwanda iliingia katika lugha hiyo mashuleni kuanzia mwaka 2008, na binamu zao wa Goma wanasoma kwa Kifaransa. Wakikutana Idd wanazungumza Kiswahili. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, nasi tukafurahi, ingawa watoto hawa hawakusubiri sheria.

Maisha hayo ni mazuri mpaka siku mlango unapofungwa.

Novemba 2012 kundi la M23 liliingia Goma na kukaa hadi mwanzoni mwa Desemba. Waliokuwa na nyumba pande mbili walilazimika kuamua nani alale wapi. Mwaka 2019 Ebola iligunduliwa Goma mwezi Julai, na tarehe 1 Agosti mpaka ulifungwa upande wa Rwanda kwa saa kadhaa kabla ya kufunguliwa tena. Saa kadhaa tu, lakini mama aliyeacha mtoto wa kunyonya ng'ambo anajua urefu wake. Kisha Machi 2020 korona ikafunga kabisa waenda kwa miguu. Mizigo iliruhusiwa kwa malori, hivyo akina mama wa mabeseni wakaambiwa wajiunge vikundi na kupeleka bidhaa kwa pamoja. Wenye mtaji mkubwa kidogo waliweza. Wenye beseni moja walikula mtaji wao, na ukishaliwa hauna mlango wa kurudia.

Tarehe 22 Mei 2021, usiku, Nyiragongo ikapasuka tena wakati mpaka bado una masharti ya korona. Watu walikwenda Gisenyi kwa maelfu usiku ule ule, na walipokelewa. Siku tano baadaye mamlaka za Goma zikaamuru sehemu ya mji ihame, na kundi jingine likavuka.

Tarehe 17 Juni 2022 askari mmoja wa Kongo aliuawa kwa risasi penye Petite Barrière baada ya kuingia upande wa Rwanda akifyatua risasi. Kongo ikaamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Ndugu msomaji, zingatia saa hiyo. Saa tisa ni karibu na adhana ya alasiri. Ofisi hazijafunga, mafundi wako juu ya kuta, sokoni ndiyo kwanza wateja wanakuja baada ya joto kupungua. Aliyekuwa akilala Gisenyi na kufanya kazi Goma alipaswa kumwomba mwajiri atoke saa nane, au ahamie Goma, au aache kazi. Wapo waliopanga chumba Goma na kuiona familia mwisho wa juma tu, ingawa kutoka dirishani mwa chumba kile vilima vya Gisenyi vinaonekana.

Januari 2025 M23 waliichukua tena Goma. Tarehe 27 makombora yalivuka mpaka, yakaua raia upande wa wilaya ya Rubavu, ambayo Gisenyi ni mji wake. Katika wiki zilizofuata benki za Goma zilifungwa, na ikawa mtu wa Goma huvuka kwenda Gisenyi kutafuta pesa zake mwenyewe. Miaka yote mshahara ulikuwa Goma na utulivu Gisenyi, na sasa hata mshahara ukafuatwa huko huko.

Nirudi kwenye mambo ya ibada, maana kuna swali moja zito kuliko la rakaa. Uongozi wa Waislamu wa Rwanda uko Kigali, wa Kongo uko Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano magharibi, mahali ambapo hata saa ya ukutani iko nyuma ya Goma kwa saa moja. Mwezi ukitangazwa tofauti, nyumba moja hujikuta na Idd mbili. Baba kazini Goma amefunga, watoto Gisenyi wameshavaa nguo mpya. Wanazuoni wametofautiana tangu zamani kama mwezi wa mji mmoja unawalazimu watu wa mji mwingine ulio mbali. Lakini wale wanaosema kila upeo una mwezi wake hawakuwa na maana ya mahali kama hapa. Upeo wa Goma na Gisenyi ni mmoja. Mwezi ukiandama juu ya ziwa lile unaonekana na wote, au hauonekani na yeyote. Kinachotofautiana ni tangazo. Mashekhe wa pande mbili wakae pamoja jioni ya tarehe 29, wapigiane simu, familia zipate jibu moja. Hilo liko ndani ya uwezo wao, na halihitaji ruhusa ya Kigali wala ya Kinshasa kuanza kuzungumzwa.

Na yule mwanafunzi wa madrasa, nimemtafutia kitu. Katika vitabu vya fiqhi ya Kishafi, wanapoeleza ni wapi safari ya mtu inaanzia, husema haianzi mpaka ayapite majengo ya mji wake. Kisha wanaongeza: vijiji viwili ambavyo nyumba zake zimeungana huhesabiwa kama kijiji kimoja, na msafiri ni lazima avipite vyote viwili. Waliyaandika hayo karne nyingi kabla ya Brussels 1910. Mtu wa Mbugangari anayekwenda kweli safari ndefu, tuseme Kisangani, akitaka kujua aanze kupunguza sala wapi, amuulize shekhe wake kama ni penye kizuizi au ni baada ya nyumba za mwisho za Goma. Mimi naona ni baada ya nyumba za mwisho za Goma.

Wallahu a'lam.